Maji ya boila yanapanda meli ikiongeza mwendo: nibane au niache?

Kijana_wa_Malindi
Asalaam alaykum wakubwa. Nimepata kazi kwenye meli ya gesi ya zamani, inakwenda kwa tabaini ya stimu, yaani mabawa yanayozungushwa na mvuke wa boila. Chuoni tulisomeshwa dizeli, boila tuliipitia juu juu. Sasa tukiingia bandarini, briji, wale wanaoongoza meli kule juu, wakiomba mwendo, presha inashuka lakini maji kwenye kioo cha kuoneshea kiwango cha maji ya boila yanapanda! Nilitaka kupunguza maji yanayoingia, injinia wa pili akanishika mkono: "Wacha." Hakueleza, kazi ilikuwa imepamba moto. Stimu inatumika zaidi, vipi maji yapande?

Fundi_Mtoni
Mie niko boti za dizeli za Unguja na Pemba, boila naiona kwenye picha tu. Ngoja waje wazee.

Ami_Mkoani
Wa alaykum salaam mwanangu. Maji hayo hayajaongezeka, yamefura. Ndani ya boila maji yamechanganyika na mapovu ya mvuke. Tabaini ikivuta stimu kwa ghafla presha inaporomoka, mapovu yanatanuka na mengine yanazuka, yanayanyanyua maji kama maziwa jikoni. Kioo kinakuonesha huko kufura, na wakati huohuo boila inatoa maji mengi kuliko inavyopokea. Ukibana hapo, mambo yakitulia utayakuta maji yamezama chini ya kioo. Bomba likikosa maji huku moto unawaka, linapasuka.

Mwendo ukikatwa ni kinyume chake. Presha inapanda, mapovu yanasinyaa, maji yanashuka. Mgeni anababaika, anajaza. Briji wakiomba mwendo tena, maji yanafura juu ya yale aliyoyajaza, yanabebwa na stimu mpaka kwenye tabaini. Mabawa yanazunguka kwa kasi kubwa, tone la maji pale ni nyundo.

Meli niliyoanzia ujanani kila kitu kilikuwa kwa mkono. Fayamani mmoja, mtu wa moto wa boila, wa kwetu Pemba, telegrafu ya kuletea amri za briji ikilia hakikimbilii kioo. Jicho kwenye saa ya presha, mkono kwenye vichomeo vya mafuta. Kuongeza moto: hewa kwanza, mafuta baadae. Kupunguza: mafuta kwanza, hewa baadae. Ukigeuza mpango huo moshi mweusi unakusengenya kwa bandari nzima. Na mwenye vali ya stimu alikuwa akifungua kidogo kidogo, akimsubiri mwenye moto. Hao wawili wakinuniana, boila haina raha.

Kichomeo kikizimika, usikirudishe kwa joto la kuta za tanuri. Funga mafuta, puliza hewa mpaka mvuke wa mafuta wote utoke, ndipo uwashe. Watu wameungua nyuso kwa haraka hiyo.

Na siku maji yakipotea kabisa kwenye kioo, hujui yako juu au chini, zima moto, kisha uwajuulishe wakubwa. Usikimbilie kuingiza maji kwenye mabomba yaliyokwishapata moto bila maji.

Kijana_wa_Malindi
Shukran sana ami. Lakini hapa kuna mtambo wa kujiendesha, unapima kiwango cha maji, stimu inayotoka na maji yanayoingia. Si unatosha?

Ami_Mkoani
Umetengenezwa kwa ajili ya udanganyifu huohuo: stimu ikitoka nyingi, unaongeza maji hata kama kioo kinasema yamejaa. Lakini stimu ikiwa kidogo vipimo vya mtiririko haviaminiki, kwa hiyo mitambo mingi hurudi kufuata kiwango peke yake. Na stimu inakuwa kidogo lini? Mnapojikokota kuingia bandarini, mara mbele mara nyuma. Waulize wenzako wa zamu wenu unafanyaje.

Jengine, stimu yenu hiyo presha yake iko karibu na baa 60 na joto linapita nyuzi 500. Ikivuja haionekani, unasikia mluzi tu. Usiende kuitafuta kwa mkono.

Kijana_wa_Malindi
Nimeuliza. Unarudi kwenye kiwango peke yake, ndiyo maana injinia wa pili saa hizo habanduki mbele ya kioo. Mluzi nao nimeuandika daftarini.