Gemu ya mtu mmoja inayoigiza mtandao inadai mtandao ili ifunguke. Hivi tunachekwa?

Wakuu, habari za usiku huu. Nimevurugwa, na nikilala na hili litanipandisha presha, kwa hiyo acha nilitue hapa.

Kwa wasiozijua, kuna gemu unazocheza peke yako, kwenye mashine yako, ila zinajifanya ni za mtandaoni. Ndani kuna seva ya uongo. Kuna wachezaji wa uongo wanakatiza mjini na majina yamewaning'inia juu ya vichwa. Chati inatiririka: huyu anauza upanga, yule anatafuta watu wa kwenda kumpiga bosi, yaani adui mkubwa wa gemu, mwingine analalamika tu kama mimi sasa hivi. Wote hao ni mashine. Binadamu ni wewe mwenyewe na kikombe chako cha chai.

Najua ukimsimulia shemeji yako anakuona unahitaji kuombewa. Lakini kwa mtu wa Dar anayeishi kwa bando, hii kitu ilipaswa kuwa neema. MMO za kweli, yaani gemu za mtandaoni zinazochezwa na maelfu ya watu pamoja, seva zake ziko Ulaya na Marekani. Pingi yangu, ule muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, ikiwa na adabu ni milisekunde 180, na saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni inagonga 400. Nabonyeza kujitibu, kumbe nilishakufa kitambo, taarifa ya msiba ndiyo haijanifikia. Nimewahi kutolewa kwenye kundi la watu watano katikati ya pango kwa sababu wenzangu waliniona nimesimama nakodolea ukuta. Mimi kwangu nilikuwa napigana kama simba.

Kwa hiyo gemu inayonipa ule mji uliojaa watu bila seva wala pingi, hiyo ni yangu. Ndivyo nilivyodhani.

Mwezi uliopita nikanunua moja. Jina silitaji, mod (msimamizi wa jukwaa) asije akanifungia uzi kwa kuchafua biashara za watu. Nimeishusha kwa bando la usiku, usiku tatu mfululizo, simu imewekwa dirishani ndipo 4G inapopenda kukaa. Ijumaa nimetoka kazini, nimekula, nimeoga, nimekaa. Naifungua. Inaniambia hakuna muunganisho, jaribu tena baadaye.

Hebu isome tena taratibu. Gemu ya mtu mmoja. Seva yake ya kuchora. Wachezaji wake wa kuchora. Halafu yenyewe haifunguki mpaka iongee na seva ya kweli! Ni sawa na kununua picha ya bahari ukaambiwa uje na boya.

Nikasema haya, nikaunga bando. Ikataka nifungue akaunti. Ikatuma namba za uthibitisho kwenye barua pepe. Nikaziweka, ikasema muda umeisha, ikatuma nyingine. Nilipoingia tu ikaanza kushusha maboresho ya GB 6. Bando la wiki likaenda nayo kabla sijaonana na mchezaji hata mmoja wa uongo. Na kilele chake: kwenye ukurasa wa kuanza kuna foleni. Foleni ya kuigiza! Inasema wewe ni wa 214, subiri. Wameichora makusudi, eti ili uhisi uko kwenye gemu ya mtandaoni. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye foleni ya kweli dakika ile ile.

Nimeandika kuomba hela yangu. Jibu likaja baada ya siku mbili, limeandikwa vizuri sana, halijibu chochote. Siku hizi hata watu wa huduma kwa wateja ni wachezaji wa kuigiza.

Sasa msije mkaniambia nimekurupuka sijui hizi gemu. Nimezianza mbali.

Ugonjwa huu nilipewa na .hack ya PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2002. Wazee wenzangu mnaikumbuka. Ulikuwa unaanzia kwenye skrini ya kompyuta: hapa barua pepe, pale habari, pale ubao wa majadiliano, halafu ndiyo unaingia The World, gemu ndani ya gemu. Unacheza kama Kite, mgeni kabisa, umeitwa na rafiki yako Orca ambaye ni mkongwe. Muda si mrefu Orca anashambuliwa na kitu kisichoeleweka, na kijana aliyekuwa anamchezesha, kule nyumbani kwake, anapoteza fahamu na haamki. Kuanzia hapo kila barua pepe inayoingia unaifungua moyo unadunda. Mapango ulikuwa unayafungua kwa kuunganisha maneno matatu, na watu kwenye ubao ndio wanakutajia maneno. Nilikuwa na daftari la shule limejaa maneno ya Kiingereza ambayo sijui maana yake, najua tu kila moja linafungua mlango gani.

Mimi hiyo nimeicheza kibandani. Fikirieni. Nusu saa shilingi 200, nyuma yangu wamejipanga watu wanaotaka Winning, ile gemu ya mpira, mimi nimekaa nasoma barua pepe za watu wasiokuwepo. "Dogo, unalipia kusoma?" Nilitukanwa, nikapigwa makofi ya kisogoni, sikuinuka. Memori kadi ilikuwa ya kibanda, MB 8 kwa mtaa mzima. Na .hack iliuzwa vipande vinne: Infection, Mutation, Outbreak na Quarantine, kila kimoja kwa bei ya gemu kamili, na ukimaliza kimoja unahamisha ulichohifadhi kwenda kinachofuata. Sisi tulikuwa na CD za kuchoma, kwa hiyo bei haikutuuma. Kilichoniuma ni kurudi Jumamosi moja kukuta mtu amefuta faili langu la mwisho wa Mutation ili ligi yake ipate nafasi. Jamaa huyo ana watoto wanne sasa, tunasalimiana vizuri tu msikitini, ila mimi sijasahau.

Lakini oneni walichofanya pale. Kuna mhusika anaitwa Mistral, kasichana chenye kelele, kila kitu kwake furaha. Baadaye unakuja kujua anayemchezesha ni mama mtu mzima, tena mjamzito. Nilishika pedi nimeduwaa. Ghafla yule kasichana alikuwa na nyumba, ana mume, ana jiko linaungua mahali fulani. Hakuwepo mama yeyote, najua, ni mwandishi tu alikaa akamtunga. Ila alimtunga mtu, halafu akamtungia na gemu anayocheza. Hizo ni kazi mbili, na ya kwanza ndiyo hawa wa sasa wanairuka.

Hapo ndipo malalamiko yangu hasa yalipo, hela niachieni mwenyewe.

Kwenye hii niliyonunua, kila "mchezaji" ananisubiri mimi. Nikiingia saa tisa usiku wapo. Nikiwaita wanakuja wote, mbio, bila kuuliza tunaenda wapi. Hakuna anayesema leo siwezi, nina mtihani. Hakuna anayeondoka na ngao niliyomwazima. Hakuna anayehamia gildi (chama cha wachezaji) nyingine kwa sababu kule wana tanki mzuri, yule wa kusimama mbele apigwe yeye. Nimecheza saa kumi na tano, wananisifia tu, "una kipaji", na mimi wakati huo nimeanguka kwenye shimo lile lile mara ya nne. Hao si wachezaji, hao ni wapambe wa mgombea.

Na hakuna anayekatika! Wakuu, mimi miaka yangu yote ya MMO kitu ninachokijua kuliko bosi yeyote ni kukatika. Mganga wetu, yule wa kututibu vitani, amekatika bosi amebakiza robo ya uhai. Mimi mwenyewe luku imeisha katikati ya pango, narudi baada ya dakika arobaini nakuta ujumbe mmoja, "??", umetumwa na Mreno mmoja ambaye sijawahi kumwona wala kumsikia, na yeye peke yake alinisubiri. Ile alama ya kuuliza niliipiga picha. Sasa unaniuzia uigizaji wa mtandao ambamo umeme wa kila mtu unawaka saa 24? Umeigiza mtandao wa nchi gani?

Kuna waliojaribu vizuri, haki yao niwape. CrossCode ya wale Wajerumani wa Radical Fish Games, ya 2018. Humo unacheza kama Lea, na Lea hawezi kuongea. Kuna hitilafu kwenye sauti yake, anapewa neno moja moja. Kwanza anaweza kusema "hi". Kisha jina lake. Hadithi nzima anapata marafiki kwa maneno yanayohesabika kwa vidole. Mimi niliposhika ile gemu nilicheka mpaka nikanyamaza, maana Lea ni mimi. Kiingereza changu chote kwenye seva za Ulaya kilikuwa "hi", "thx" na "sorry lag" (samahani, mtandao unachelewa). Na kuna Emilie, binti wa Kifaransa, hakubembelezi. Anakuwekea ushindani nani atamaliza pango kwanza, na ukimshinda anakasirika kweli. Ile gemu ukishainunua inafunguka hata ukiwa ndani ya kisima.

Halafu kuna Erenshor ya Burgee Media, imetoka Aprili 2025 ikiwa bado haijakamilika. Hii haina hata hadithi kubwa ya kukulaghai. Inaiga MMO za zamani, enzi za EverQuest ya 1999, na wachezaji wake wa kuigiza wanapanda leveli, wanaokota vifaa wanavivaa, wanajiunga na gildi, wanapiga soga. Michoro yake ni ya kizee na mimi naipenda hivyo hivyo. Kuna wakati nilikuwa nimekaa kijijini nasoma tu chati wanavyobishana, nikasahau kilichonipeleka. Kwa hiyo kumbe inawezekana. Aliyeniuzia mimi hakushindwa, hakujali.

Nacheka pia nikikumbuka Progress Quest ya 2002. Ile ilikuwa utani wa kuisuta EverQuest: unatengeneza mhusika, unabonyeza, basi, gemu inajicheza yenyewe, wewe unaangalia mistari ikijaa. Ilitolewa bure. Waliojitangaza kabisa kwamba wanakudhihaki hawakukutoza hata senti.

NYONGEZA 1: Mkuu uliyeandika "si ucheze MMO za kweli tu uache kulialia", soma uzi kuanzia juu, habari ya pingi nimeieleza. Halafu za kweli zinazimwa. City of Heroes ilizimwa Novemba 2012, watu wakabaki na majina tu. Hata .hack wenyewe walipata wazo la kuigeuza kuwa ya mtandaoni kweli, ikaitwa fragment, ikatoka Japani peke yake 2005, na Januari 2007 seva zikafungwa. Unaona kichekesho? Ya kweli ilifungwa. Ile ya uongo ya 2002, ukiwa na PS2 nzima na diski isiyo na mikwaruzo, unaingia The World leo hii usiku na mji una watu. Ndiyo maana nimewaka hivi. Faida kubwa ya hizi gemu ni kwamba hakuna mtu Ulaya anayeweza kuja kuzizima, na huyu wa kwangu ameichukua faida hiyo akaitupa jalalani kwa hiari yake. Siku akichoka kulipia seva yake ya kuthibitisha akaunti, wale wapambe wangu wote wanakufa na mji wao, na hawakuwahi hata kuhitaji mtandao.

NYONGEZA 2: Dada uliyeniuliza kama sioni aibu mtu mzima kucheza na marafiki wa kompyuta, hapana sioni. Mimi nafanya kazi zamu, narudi saa sita usiku, rafiki zangu wa kweli wamelala na wake zao. Wale wa seva walishatawanyika. Mreno wangu mara ya mwisho kuonekana ni miaka mitatu iliyopita. Nikitaka kukaa mahali penye watu kwa saa moja kabla ya kulala, bila kumwamsha mtu, kosa liko wapi?

NYONGEZA 3: Mnanijaza PM mkitaka jina la gemu. Sitoi. Angalieni tu kabla ya kununua, chini kabisa kwenye maelezo, maandishi madogo yale ya kijivu, kama wameandika inahitaji muunganisho wa intaneti wakati wote. Mimi sikushuka mpaka huko.

Na kama kuna mwenye Outbreak, .hack ya tatu, iwe orijino au ya kuchoma ilimradi inasoma, anicheki. Quarantine ninayo, nilipewa na mwenye kibanda alipofunga biashara. Infection na Mutation nimeshazimaliza upya, mara hii kwenye memori kadi yangu mwenyewe. Nipo Tabata, naweza kuifuata hata Mbagala.