Kuhamia London na watoto wawili: Barking, Ilford au Abbey Wood?

Kutoka: Mama Wawili, Coventry

Shikamooni wakubwa. Wengine, habari za jioni.

Nimepata kazi kwenye hospitali moja Whitechapel, mashariki mwa London, na naanza mwezi ujao. Baba watoto anabaki Coventry mpaka mkataba wake uishe, kwa hiyo natangulia mimi na wanangu, mmoja Year 4 (miaka 8 au 9) na mwingine Year 1 (miaka 5 au 6).

Leo kaunsili moja imenijibu kwamba fomu yangu ya in-year, ya kuingiza watoto shuleni katikati ya mwaka, haishughulikiwi mpaka niwe na anwani ndani ya eneo lao: mkataba wa nyumba uliosainiwa pamoja na bili ya kodi ya kaunsili. Wakala wa nyumba naye anasema hanipi mkataba mpaka nilete slipu za mshahara wa kazi mpya. Hiyo kazi sijaianza, slipu nitazitoa wapi? Juu ya hapo ananidai BRP, kadi ya ukaazi. Nikamweleza kwamba kadi zile ziliisha 31 Desemba 2024, nikampa share code, namba ya kuthibitisha viza mtandaoni. Akasema atanipigia, mpaka sasa kimya.

Swali langu ni moja. Kati ya Barking, Ilford na Abbey Wood, ni wapi naweza kupata nafasi ya Year 4 na ya Year 1 katika shule MOJA? Nina zamu za usiku. Asubuhi siwezi kuzungusha watoto shule mbili tofauti. Naombeni msaada, nimechoka mno.

---

Kutoka: Baba Kevo, Reading

Pole sana mama. Lakini kwani lazima ukae London? Sisi tulitoka Tottenham tukaja Reading watoto wakiwa wadogo, na hapa ndipo walipojua kuendesha baiskeli. Wakenya tuko wengi, kanisa lipo, kiangazi tunakutana bustanini na jiko la mkaa. Treni ya Elizabeth line inakuchukua Reading inakushusha Whitechapel bila kubadilisha treni.

Jambo lingine: kama viza yako ina NRPF, yaani huruhusiwi misaada ya fedha za umma, usiguse punguzo lolote la kodi ya kaunsili. Kuna jamaa aliligusa, na wakati wa kuomba ILR, kibali cha kuishi kwa kudumu, aliulizwa maswali mpaka akakosa usingizi.

---

Kutoka: Mzee wa Barking

Baba Kevo, mtu wa zamu za usiku unampeleka Reading? Mpaka Whitechapel ni zaidi ya saa moja, nauli inakula mshahara, na usiku wa manane treni hiyo haipo. Mama ametaja maeneo matatu, tujibu hayo.

Hilo la NRPF nalo umelisema nusu. CTR, nafuu ya kodi ya kaunsili kwa wenye kipato kidogo, ndiyo inayohesabiwa kuwa fedha za umma. Punguzo la asilimia 25 kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja si fedha za umma. Kama mumewe makazi yake yatakuwa Coventry, mama huyu aliombe bila woga. Shule ya serikali nayo haimo katika NRPF. Watu wanakosa haki zao kwa sababu ya maneno ya kusikia.

Sasa fomu. Kaunsili haiwezi kulitupa ombi la mzazi kwa sababu tu anaishi nje ya mipaka yake. Hukumu ya kesi ya Greenwich ya 1989 ililimaliza suala hilo. Na Kanuni za Udahili za 2021 zinataka mzazi wa in-year ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 15 za shule. Mama Wawili, waandikie tena leo hii, uwatajie mambo hayo mawili, na uweke anwani yako ya Coventry.

---

Kutoka: Dada wa Abbey Wood

Shikamoo Mzee. Kisheria ni hivyo, ila mama aambiwe na upande wa pili. Ombi likiingia na anwani ya Coventry, umbali utapimwa kutoka Coventry. Kama shule ina orodha ya wanaosubiri, atakuwa mkiani, na kila anayehamia jirani na shule atampita. Hiyo barua itasaidia tu kwenye shule yenye kiti kitupu.

Kuhusu huku kwetu: stesheni ya Abbey Wood imekaa mpakani. Upande mmoja ni Greenwich, upande wa pili ni Bexley. Ukivuka unabadilisha kaunsili, kodi, na hata njia ya sekondari, maana Bexley bado wana shule nne za grammar, za kuingia kwa mtihani, na usajili wa mtihani wao unafanyika mtoto akiwa Year 5. Wakala hatakueleza haya. Atakuonyesha jiko jipya na zulia. Iweke postikodi kwenye tovuti ya serikali uone ni kaunsili gani kabla hujatoa hata senti.

Treni toka hapa mpaka Whitechapel ni kama robo saa. Ila angalia, matangazo mengi yanaandika "Abbey Wood" na nyumba iko Thamesmead ndani. Thamesmead haina stesheni, ni basi tu, na basi la asubuhi ukiwa na watoto wawili wenye mabegi unafika kazini umeshachoka.

---

Kutoka: Mpwani wa Ilford

Assalaam alaykum nyote.

Mwanangu, njoo Ilford. Wangu wakitoka skuli huenda chuoni, madrasa, kwa miguu, na magharibi wanarudi kwa miguu. Msikiti upo, nyama ya halali ipo, samaki unachagua mwenyewe na muuzaji anamparua mbele yako. Basi 25 linatembea usiku kucha na linapita Whitechapel, kwa hiyo zamu yako isikutishe.

Kuhusu skuli, usidanganywe na neno "Outstanding" (bora kabisa) kwenye tangazo la nyumba. Ofsted, wakaguzi wa skuli, waliacha kuzipa skuli hukumu ya neno moja tangu Septemba 2024, na mawakala wengi wanaendelea kubandika sifa za zamani. Nenda ukasimame nje ya geti saa tisa na robo. Watazame watoto wanavyotoka, watazame wazee wao wanavyoamkiana. Hapo utajua mengi kuliko kwenye ripoti.

Mimi yaliyonitaabisha nilipofika hayakuwa makaratasi, ilikuwa upweke wa mlangoni. Kwetu Kikwajuni usingeuliza nani atampeleka mtoto skuli. Bibi wa nyumba ya tatu huwakusanya wote, na asiyenywa chai kwao hunywa kwake. Hapa nilikaa muda mrefu bila kusikia "hodi". Kwa hiyo nikikushauri Ilford siitazami reli tu, natazama nani atakugongea mlango.

---

Kutoka: Nesi wa Romford

Jamani, mnapima reli na samaki, lakini hakuna aliyeuliza usiku watoto wanalala na nani. Mtoto wa Year 4 na wa Year 1 hawaachwi peke yao, na mume yuko Coventry. Mama, hilo lianze kabla ya mtaa. Tangu 6 Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba kubadilishiwa mpangilio wa kazi tangu siku ya kwanza. Mwandikie meneja wa wodi sasa, kabla hujaanza, omba zamu za mchana mpaka mumeo ahamie. Anaweza kukataa, lakini lazima akusikilize na atoe sababu. Wodini kwetu mama mmoja alikubaliwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu, mumewe anakuja wikendi.

Kwa wakala: peleka mkataba wa kazi na barua ya HR inayotaja mshahara na tarehe ya kuanza, pamoja na slipu za kazi unayoiacha. Wengi wanakubali hivyo. Akitaka pesa za kushikilia nyumba, mwisho ni kodi ya wiki moja. Amana mwisho ni wiki tano. Hiyo ni sheria ya 2019, anayekuomba zaidi ya hapo muulize kwa maandishi anatumia sheria gani.

Na watoto wote wa shule za msingi za serikali London wanakula mchana bure tangu Septemba 2023, hata ukiwa na NRPF. Huyo wa Year 4 huko Coventry unamlipia, huku hutamlipia.

---

Kutoka: Mama Wawili, Coventry

Asanteni sana, na Nesi Mungu akubariki, barua ya meneja nimeituma asubuhi hii.

Nimepiga simu shule moja ya Barking. Year 4 wana nafasi, Year 1 wamejaa, wamefika 30. Nikamwomba katibu amwongeze mmoja tu, akasema sheria hairuhusu. Ni kweli? Na bado nauliza, kuna mtu anayeijua shule yenye nafasi zote mbili?

---

Kutoka: Mzee wa Barking

Ni kweli. Reception (darasa la kuanzia shule), Year 1 na Year 2, mwalimu mmoja hazidishi watoto 30, na rufaa za madarasa hayo ni ngumu sana kushinda. Year 4 haina kikomo hicho cha kisheria. Shule inaweza kusema imejaa, lakini jopo la rufaa likiona hasara ya mtoto ni kubwa kuliko usumbufu wa shule, linaweza kuiamuru impokee.

Kwa hiyo geuza utafutaji wako. Usianze na mkubwa. Tafuta shule yenye kiti cha Year 1, mwingize mdogo, halafu mkubwa aingie kwenye orodha akiwa na ndugu ndani. Shule nyingi zinampa ndugu kipaumbele juu ya umbali. Ikishindikana, kata rufaa ya Year 4 na ueleze zamu zako. Wanangu niliwaingiza kwa njia hiyo.

Na usiidharau Dagenham kwa jina lake. Becontree, mtaa wa huko, ilijengwa kati ya 1921 na 1935 kwa ajili ya familia za wafanyakazi, nyumba zina bustani mbele na nyuma. Mke wangu anapanda mchicha na majani ya maboga. Vyumba viwili Barking mjini kodi yake imepanda. Sogea Upney au Becontree, treni ya District line ni ile ile na inakwenda moja kwa moja Whitechapel.

---

Kutoka: Baba Kevo, Reading

Mzee, kwa nini umefunga macho kwa London ya ndani? Hackney, Southwark, Lambeth, shule za msingi zinafungwa kwa kukosa watoto. Viti vitupu viko tele.

---

Kutoka: Dada wa Abbey Wood

Baba Kevo, zinafungwa kwa sababu wazazi wamefukuzwa na kodi za nyumba! Mama akipata kiti Hackney atalala wapi? Na shule inayopungukiwa watoto leo inaweza kufungwa kesho kutwa, uanze fomu upya.

---

Kutoka: Baba Kevo, Reading

Sawa, lakini hilo ndilo linaloniuma. Tunawalea wazee wa Waingereza, tunawaogesha, tunawalisha, halafu kila mwaka kanuni inabadilika. Machi 2024 waliwazuia watu wa care, wanaotunza wazee na wagonjwa, wasilete familia. Mei 2025 wakatangaza kwamba wanataka ILR ingojewe miaka 10 badala ya 5. Mtu atachaguaje mtaa wa kulelea watoto akiwa hajui kama atakuwepo? Mimi nimeshajenga Kitengela. Huku nalipa kodi ya nyumba tu, sinunui kitu.

---

Kutoka: Mpwani wa Ilford

Baba Kevo, wewe unaweza kusema hivyo. Katiba yenu ya 2010 imekuruhusu uraia wa nchi mbili, 2022 mlipiga kura ya rais mkiwa hapa hapa London. Sisi Watanzania ukichukua pasipoti ya Uingereza ya kwetu inakwenda. Tumeletewa hadhi maalum ya waliochukua uraia wa nje, nashukuru, ni hatua. Lakini hadhi hainipi kura. Mama yangu kazikwa Unguja na mimi naingia kwa kibali. Hilo mtu asiniambie nilizoee.

---

Kutoka: Nesi wa Romford

Wapendwa, mama ana wiki chache tu. Mama Wawili, Jumamosi sina zamu. Kama una nyumba ya kuangalia Upney au Becontree niandikie pembeni, tutakwenda pamoja. Tutafungua kabati za ukutani na kunusa. Ukungu wanaupaka rangi nyeupe, na mtoto mwenye kifua hataumaliza msimu wa baridi humo.

---

Kutoka: Mzee wa Barking

Mpwani, uliyoyasema yamenigusa. Kwa sababu hiyo hiyo mimi sijachukua uraia wa hapa mpaka leo. Nina pasipoti ya Tanzania na ILR ya muhuri wa wino kwenye pasipoti ya zamani, na wajukuu zangu wananiuliza kwa nini nasimama foleni tofauti na yao uwanja wa ndege.

Hata hivyo, tukiwa hapo: sasa kila mahali wanataka share code, na muhuri hauna share code. Nani hapa amepeleka fomu ya NTL, ya kuhamishia ILR ya zamani mtandaoni, akiwa na muhuri kwenye pasipoti iliyokwisha muda, na alitumia vielelezo gani vya miaka aliyokaa? Bili zangu za zamani nyingi zilikuwa kwa jina la mke wangu.