Kazi za skuli zafanywa na AI, nimpokonye simu?

MamaLangoni: Asalam aleikum jamaa, nishaurini kabla sijaitosa hii simu baharini. Mwanangu yuko Gredi ya 8 hapa Lamu, mwalimu wao hutuma kazi kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi, basi baada ya Isha mwana hushika simu yangu ati yuwafanya kazi ya skuli na mimi sina neno. Juzi wakaambiwa waandike insha jahazi huundwa vipi. Nikaisoma, Kiswahili kimenyooka kama hutuba ya Ijumaa lakini kalafati ya kuziba mianya ya mbao hamna, pamba hamna, mafuta ya sifa ya papa hamna, ati mbao "huunganishwa kwa gundi maalum" na chombo kikashushwa majini!! Na babangu mimi ni fundi wa majahazi kijijini Matondoni, yuko hai na yuwaunda mpaka leo. Kumuuliza yuwacheka, kumbe ameuliza AI akanakili yote na mwalimu kampa alama nzuri. Babake mwana yuko Mombasa kikazi asema nimpokonye simu kabisa, nami nachelea ataachwa nyuma na wenzake. Nfanyeje?

BinFaza: Pokonya. Wangu nilimkuta TikTok na daftari liko wazi mbele yake.

MaalimMuyeye: Mimi nasomesha huku Malindi, usimpokonye dadangu. Na mwalimu msimlaumu sana, insha za darasa zima kuzisoma usiku mmoja si mchezo. Kasoro iko kwa swali, ukiuliza jahazi huundwa vipi AI yajibu papo hapo. Hizi mashine hazijui kweli wala uongo, zimelishwa maandishi mengi zikajifunza neno gani hufuata neno gani, sasa hebu niambie mambo ya mafundi wa Matondoni yameandikwa mangapi huko intaneti? Pakikosekana kitu hujaza chochote kinachofanana. Siku hizi nawapa kazi ambayo lazima wamuulize mtu, wamrekodi sauti kwa simu, kisha waje waandike kwa mkono darasani mbele yangu. Na mtaala wenyewe wa CBC umeuweka ujuzi wa kidijitali kwa ule umilisi saba wa msingi, kwa hivyo simu hatuikwepi.

ShellaYaMalindi: Umilisi gani maalim, zile tableti za serikali za 2016 za darasa la kwanza ziko wapi? Skuli ya mtaani kwetu wamezifungia kabatini chumvi imekula tundu za chaji. Sasa mzigo ni wa simu ya mama na bando la mama.

MaalimMuyeye: Hapo sina la kujibu 😅

FundiSimuMkomani: Bi mkubwa mambo ya bando yana njia. Kenya Education Cloud, tovuti ya KICD ile taasisi ya mitaala, ina masomo ya kidijitali, yale yanayopakulika yapakue ukiwa kwa Wi-Fi ya mtu kisha mwana asome data ikiwa imezimwa. Hapo hata TikTok haifunguki.

MamaLangoni: Shukran sana. Jumamosi nampeleka Matondoni akamrekodi babu yake, aandike upya. Babake ntamsemesha mwenyewe. Lakini maalim, nikimtumia mwalimu hii insha ya pili si atamtoa zile alama za kwanza?

MaalimMuyeye: Huenda. Lakini usitume wewe, aipeleke mwenyewe na aseme ya kwanza aliipata wapi.

BinFaza: Mwalimu mwenyewe asijekuwa alisahihisha na AI 😂