Hadithi fupi za wachawi kwa vijana: zipigwe marufuku au waachwe wasome?

Wadau, hili swali linawagombanisha wazazi na walimu sehemu nyingi na kila mmoja anavutia kwake. Kuna wanaosema hadithi za wachawi zinamfungulia kijana mlango wa ushirikina, zitolewe maktaba zote. Kuna wanaosema acheni woga, ni hadithi tu. Mi sikubaliani na upande wowote.

Nianze na wa marufuku. Kijana wa miaka 14 ukimficha hadithi hujamficha uchawi, atausikia tu kwa wenzake, tena kwa kunong'onezwa, na hapo hana mtu mzima wa kumuuliza. Halafu umri huo mwili unabadilika, anaanza kujiuliza kwa nini fulani anasikilizwa na fulani anatengwa, sasa akisoma kuhusu binti aliyegundua ana nguvu ambazo hata mama yake hazijui anajiona yeye mwenyewe mle ndani. Hajafundishwa kuroga hapo.

Ila hao wa "ni hadithi tu" ndo wananiumiza zaidi. Hadithi fupi haina nafasi, una kurasa tano sita, mwandishi mvivu anakimbilia njia ya mkato: bibi kizee, macho mekundu, anaishi peke yake, basi msomaji kashajua mchawi ni nani kabla hata hajatenda kitu, mwisho bibi anachomwa moto na kijiji kizima kinashangilia. Jamani, huyo bibi ana sura ileile ya watu waliouawa kweli! Ulaya ya karne zilizopita wanahistoria wanakadiria waliuawa kwa tuhuma za uchawi watu kati ya 40,000 na 60,000, wengi wao wanawake. Salem kule Marekani mwaka 1692 walinyongwa watu 19, na shutuma za mwanzo zilitoka kwa watoto, mmoja ana miaka 9 mwingine 11, wakaishia kumfunga jela hata Dorothy Good, katoto ka miaka minne au mitano. Na msidhani yameisha, mwaka 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya ukatili unaotokana na tuhuma za uchawi, maana watu bado wanapigwa na kuuawa.

Sasa sikieni hii. Elizabeth Johnson alihukumiwa kifo kwenye kesi hizohizo za Salem, akiwa na miaka 22 hivi. Hakunyongwa, lakini jina lake lilibaki na doa mpaka 2022, na waliohangaika mpaka likasafishwa ni mwalimu na wanafunzi wake wa darasa la nane. Vijana wa umri uleule tunaobishania hapa! Walisoma habari za wachawi wee, wakatoka na hasira kwa niaba ya mtu aliyekufa zamani.

Kwa hiyo mimi kabla sijampa kijana hadithi naangalia kitu kimoja tu, akimaliza kuisoma atamuogopa nani: jirani yake mzee, au lile kundi lililobeba mawe? Na nyie wa marufuku naomba mnijibu, hadithi anayoisimulia huyo bibi mwenyewe, usiku anasikia watu wanakuja mlangoni kwake, nayo mtaitoa?