Naombeni ushauri: nimepangiwa kuijibu video ya mwenzangu kuhusu nafasi ya mtu, nimwambieje?

Binti Chikongola
Habari zenu wapendwa, na wakubwa shikamooni. Nasoma sanaa chuo kimoja hapa Mtwara. Mwenzangu ametengeneza video ya kuchekesha kuhusu ile nafasi ambayo kila mtu anahitaji kuzunguka mwili wake. Alhamisi mimi ndiye wa kwanza kuijibu mbele ya darasa, na yeye atakuwepo.

Inaanza kwenye kivuko cha Msangamkuu. Jamaa kavaa kitaalamu, kashika futi ya fundi cherehani, anataka kupima umbali kati yake na abiria. Hata kuikunjua hawezi, kabanwa katikati ya kina mama wawili, na mmoja anamkabidhi beseni la samaki amshikie. Nilicheka hadi machozi. Uso wake pale ni kipaji kabisa.

Kipande cha mwisho ndicho kinaninyima raha. Yuko kwenye foleni ya wakala wa pesa, nyuma ya mama mmoja, karibu na shingo yake. Mama anasogea, naye anasogea. Mama anasogea tena, yumo. Mwishowe mama anabana pochi kwapani na kugeuka kwa hofu. Darasa zima likaangua kicheko, mimi nikashindwa. Yule mama hakujua kama anarekodiwa.

Kazi ya huyu kaka naipenda kweli. Nitasemaje bila kuonekana namharibia?

Mzee wa Mikindani
Marahaba binti. Anza na beseni, na usipapite haraka. Mweleze kwa nini ulicheka: pale anayebanwa ni yeye mwenye futi. Kwenye foleni anayebanwa ni mwingine, ambaye hakuitwa kwenye mchezo. Jibu lako liko hapo.

Kijana wa Ligula
Mnakuza mambo. Sanaa lazima isumbue. Mwaka 1970 msanii wa Marekani, Vito Acconci, alikuwa anasimama karibu mno na watu ndani ya makumbusho New York mpaka wahame. Leo kazi ile inafundishwa vyuoni.

Mpingo Mweusi
Kijana, wale walikwenda makumbusho kutazama sanaa. Mama wa watu alikwenda kutoa hela yake. Mtu akikuganda mgongoni wakati unaandika namba ya siri, utamdhania nini?

Dada, muulize pia futi yake inapima kipimo cha nani. Mwanaanthropolojia Edward Hall aliandika mwaka 1966 kwamba nafasi binafsi ni kama sentimita 45 hadi 120, lakini aliowachunguza ni Wamarekani, wengi wa tabaka la kati, na mwenyewe alisema watu wa kwingine wana vipimo vyao. Kivukoni sentimita 45 hazipo na hakuna anayejiona kavunjiwa heshima. Umbali uleule kwa wakala unatia hofu. Basi kinachohesabika ni nani kakusogelea na anataka nini, na hilo futi haioni. Au aipeleke kwenye vinyago vya ujamaa vya Wamakonde: gogo moja la mpingo, watu wamebebana toka chini hadi juu. Hapo angepima nini? Ningependa sana kukiona kipande hicho.

Kijana wa Ligula
Kwenye namba ya siri nakubali. Ila asiondoe kicheko chote.

Binti Chikongola
Asanteni mno. Sasa kile kipande kikitoka, video inabaki haina mwisho. Na je, nimwambie pembeni kwanza?

Mama Naliendele
Mwambie leo mwanangu, mkiwa wawili, asije akashtukizwa mbele za watu. Mwisho aupige upya: yeye ndiye awe mbele kwenye foleni, rafiki yake amgande mgongoni. Uso ule wa kivukoni utafaa hapo pia.

Halafu mtafuteni yule mama, wakala huenda anamfahamu. Nendeni wote, wewe ndiye uanze kuzungumza. Mwonyesheni kipande chote kwenye simu, na sauti yake, ndipo mumuulize. Akikataa, kifutwe palepale akiona.