Naomba ushauri: nataka kutembea Likya Yolu peke yangu huku Uturuki, mbwa wa wachungaji ndo wananitisha

BintiUsambara
Habari za jioni wadau. Nipo Konya mwaka wa pili nasoma masta, Kituruki changu kinatosha kununua mkate na kuuliza njia basi. Nimeomba kwa profesa nimepata siku kumi mwezi wa nne, nataka kutembea Likya Yolu, ile njia ya miguu ya pwani ya kusini inayoanzia Ovacık karibu na Fethiye mpaka pande za Antalya, ni kama kilomita 540 kwa hiyo yote siwezi, nataka kipande tu. Begi, hema dogo, mwenyewe.

Kwa nini mwenyewe: baba alifariki mwaka jana nikiwa huku, sikuwahi mazishi, na tangu hapo sijapata hata siku moja ya kukaa na huo msiba, hosteli tupo wanne chumba kimoja. Baba ndo alinifundisha kutembea, nikiwa na miaka 12 tulitoka Lushoto mpaka Mtae siku tatu kwa miguu, anatembea mbele hasemi kitu ila akifika penye mteremko ananisubiri. Nataka kutembea vile tena.

Sasa nasikia mbwa wa wachungaji ni hatari sana. Na mimi ni mwanamke, mweusi, peke yangu kijijini, itakuaje? Usiku nilale wapi? Mama bado sijamwambia.

Kaka_wa_Izmir
Pole sana dada kwa kuondokewa na mzee.

Mbwa ni kweli, tusidanganyane. Ni wakubwa, wengine shingoni wana mkanda wa chuma wenye miiba ili mbwa mwitu asimkabe. Ila elewa kitu kimoja, yule yupo kazini, hakuwindi, anataka ukae mbali na mbuzi wake. Mwaka jana juu ya Alınca walinijia wawili mbio, miguu iliisha nguvu nikasema leo ndo basi. Nilisimama tu, sikukimbia maana ukikimbia umeharibu, nikashusha fimbo chini, nikaita kwa sauti "çoban!" (mchungaji) kama mara tatu, mzee akapiga mluzi toka kwenye mizeituni na wale mbwa wakageuka palepale kama vile hawajaniona. Ukisikia kengele za mbuzi mbele yako zunguka mbali, usipite katikati ya kundi hata kama njia ndo inapita hapo. Wakizidi kusogea inama kama unaokota jiwe, wanaijua hiyo.

Ukiumwa hata kidogo, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, afu siku hiyohiyo hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa, usisubiri kesho. Namba ya dharura ni 112.

Mswahili_Kisauni
Dadangu nenda. Mimi nlitoka Ovacık hadi Patara mwenyewe, siku saba, na buibui langu kwa begi la siku za mjini 😊 Njia ina alama nyekundu na nyeupe zimepakwa kwa mawe na miti, ukiona msalaba mwekundu ujue umepotea, rudi ulikotoka utafute alama ya mwisho. Siku ya kwanza unapanda ubavuni mwa Babadağ na bahari yote iko chini yako, hapo nlikaa nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Maji ndo ufikirie. Vijijini kuna çeşme (bomba la maji la wote), na msikitini hukosi bomba, lakini baina ya vijiji kuna visima vya mawe vyenye kuba wanaviita sarnıç, hayo ni ya mbuzi, chemsha. Beba lita tatu.

Watu sasa. "Nerelisin", watokea wapi, utaulizwa hadi uchoke, na watoto watakukodolea macho, lakini sikuonewa. Kijiji kimoja mvua ilinikuta, mama mmoja akaniita kwa mkono, nikavua viatu mlangoni, akanimwagia kolonya mikononi, harufu ya limau, afu akaleta yufka (mkate mwembamba kama chapati) na zeituni na chai, na chai, na chai. Mgeni kwao ni "misafir", ni lile neno letu msafiri, na anayebisha hodi bila kutarajiwa humwita Tanrı misafiri, mgeni wa Mungu. Lakini usiende ukitegemea bure, penye pansiyon (nyumba ndogo ya wageni) lala ulipe, Faralya na Kabak zipo, mwanamke peke yake ni bora zaidi ya hema.

Kamanda77
Mimi nisingekushauri peke yako, ila kama umeamua basi fanya haya. Kadi ya ikamet (kibali cha kuishi huku) iwe mfukoni sio kwenye begi, vijijini usalama ni jandarma na wakikusimamisha wanaitaka. Pakua ramani kwenye simu kabla maana mtandao unakata mabondeni. Kila jioni mtumie mtu mmoja jina la kijiji ulipolala. Na upande wa Tahtalı achana nao safari hii, ule mlima ni mita 2,366 na theluji inachelewa kuisha. Na mwambie mama, asije akasikia kwa mtu mwingine.

BintiUsambara
Asanteni sana jamani, nimesoma kila neno. Nimeamua Ovacık mpaka Patara, naacha hema nalala pansiyon, fimbo mbili nanunua jumamosi. Mama nimempigia leo. Alinyamaza muda mrefu afu akaniuliza kama viatu vya baba vile vya buti vingenitosha 😭

@Mswahili_Kisauni hiyo chai unaikataaje bila kumuudhi mtu?

Mswahili_Kisauni
Kile kijiko laza juu ya gilasi. Ukikisahau ndani atajaza tena.