Mpinzani amefungua kwa kopa 3: nitaje shupaza au nipige dabo?

Swali
Wapenzi wa briji (mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili), naomba ushauri kuhusu mnada mmoja, yaani kushindana kwa madau kabla ya kucheza, ambao bado unanisumbua. Hakuna upande uliokuwa katika hali ya hatari, ambayo huongeza zawadi na adhabu. Mpinzani wa kulia kwangu alifungua kwa kopa 3 (ahadi ya kula mizunguko 9, yaani 6 na 3, kopa zikiwa turufu), dau la kuziba njia ya wapinzani ambalo kwa kawaida huonyesha kopa 7 na mkono dhaifu. Nilishika shupaza 5 (ree, malkia, jeki, 8, 4), kopa 6 peke yake, uru 3 (ree, mfalme, 5) na pau 4 (malkia, 10, 7, 3), yaani pointi 16 (ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1). Nilipiga dabo ili mwenzangu achague aina, naye akataja pau 4 kwa sababu alikuwa na pau 5. Tulikula mizunguko 10 na kupata alama 130, kumbe alikuwa na shupaza 3 zenye mfalme, na waliocheza shupaza 4 kwa karata zilezile walipata 420. Je, dabo yangu ilikuwa kosa?

Jibu la kwanza
Kwa maoni yangu, ndiyo: ningetaja shupaza 3. Dabo humwambia mwenzako kwamba aina tatu zilizobaki zinakufaa takriban sawasawa, na hivyo mtu mwenye shupaza 3 na pau 5 hana sababu ya kuacha pau. Usiogope kwamba mwenzako hana nguvu. Karata zote zina pointi 40. Ukiondoa 16 zako na kama 7 za aliyefungua, zinabaki 17 za kugawana wawili, kwa hiyo mtarajie awe na 8 hivi. Akijua kwamba unamtegemea kwa kiasi hicho, atakupandisha hadi 4 akiwa na shupaza 3.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu hapo juu, lakini kinachoamua ni ubora wa shupaza zenyewe. Kama zingekuwa ree, 8, 5, 3 na 2, na nguvu yako ikawa katika uru na pau, ningepiga dabo bila kusita, kwa kuwa kutaja aina legelege katika ngazi ya 3 ni kumkaribisha mpinzani wa kushoto aliyerundika shupaza akupigie dabo ya adhabu, inayoongeza hasara yako ukishindwa. Tena dabo yako humruhusu mwenzako mwenye kopa nzuri kupasi: wapinzani wakipungukiwa mizunguko 3 mnapata 500, ambazo zinazidi 420, ingawa wakipungukiwa 2 mnapata 300 tu.

Jibu la tatu
Msisahau dau la 3 bila turufu, ambalo wengi huliogopa pasipo sababu. Ukiwa na kizuizi cha kopa (karata ya kuwakatiza wapinzani wasile kopa mfululizo) na uru 6 zinazoelekea kula mfululizo, lichague hata kama mkono wako hauna mizani kamili. Kwa mkono wa muulizaji, mwenye kopa moja ndogo, halifai kabisa. Zingatia pia nafasi yako mezani: kopa 3 zikifuatwa na pasi mbili, unaweza kuingia mnadani hata ukiwa na upungufu wa kama mfalme mmoja, kwa sababu ukipasi nawe mnada unakwisha.

Muulizaji
Nawashukuru. Nimezungumza na mwenzangu, nasi tumekubaliana kwamba shupaza 5 zenye karata tatu kubwa zitatajwa, na zilizo dhaifu zitaachiwa dabo.